Tangi la pili la samaki: anza na maji, samaki waje mwisho

Tangi la kwanza karibu kila mtu analianza kinyumenyume. Unaona samaki, unawapenda, unawabeba kwenye mfuko, unafika nyumbani ndo unaanza kuuliza hawa wanakula nini, wanakua mpaka wapi, mbona huyu mmoja anawafukuza wenzake. Wengine wanakufa, wengine wanabaki, na wale waliobaki ndo wanakuwa "tangi lako". La kwangu lilikuwa hivohivo: gapi, neoni, goldfishi wawili na samaki mmoja mwembamba wa kahawia niliyeambiwa ni msafishaji, wote maji mamoja, na ukiniuliza nani alipanga ule mchanganyiko jibu ni hakuna, ulitokea tu.

La pili ni tofauti kwasababu sasa una vitu ambavyo mwanzo hukuwa navyo. Una filta yenye bakteria hai wanaokula sumu ya uchafu wa samaki, una macho yaliyozoea kumwona samaki ambaye hayuko sawa hata kabla hajaanza kuelea upande, na umeshazoea kubadilisha maji bila kukumbushwa. Shida ni kwamba kujiamini kunapanda haraka kuliko ujuzi, na hapo ndo mtu anarudi nyumbani na oska, samaki anayepita sentimita 30, kwenye tangi la lita mia.

Mpangilio ninaoufuata sasa hivi ni huu: maji kwanza, halafu tangi, halafu samaki mkuu mmoja, halafu wenzake. Ukiuruka mmoja utaurudia baadaye kwa machungu, kwahiyo twende taratibu.

Hatua ya 1: sema ukweli, hili tangi ni la nini

Wengi wanafungua tangi la pili kwasababu la kwanza limejaa gapi. Hapa naomba nikuzuie kidogo. Gapi jike anazaa takribani kila mwezi, mzao mmoja unaweza kuwa watoto ishirini, thelathini, hata zaidi, na akishapandwa mara moja anahifadhi mbegu za dume mwilini kwahiyo anaendelea kuzaa miezi kadhaa hata ukimweka peke yake. Ukihamishia majike wachache kwenye tangi jipya hujapunguza tatizo, umelifungulia tawi. Dawa ya gapi ni kubaki na madume tu, ambao ndo wenye mikia ya rangi, wala hupotezi kitu. Moli, plati na soditeli ni hadithi hiyohiyo.

Sababu nyingine mbaya ni kumhamisha mkorofi. Samaki anayeng'ata mapezi ya wenzake huku atang'ata na kule. Kama lazima ahame, basi elewa kwamba tangi la pili sasa ni lake yeye na wengine wote watachaguliwa kwa kumwangalia yeye.

Sababu nzuri mimi naijua moja: kuna samaki unayemtaka ambaye hawezi kuishi na ulionao, labda anataka maji mengine, au joto lingine, au ana tabia ambazo wa kwanza hawaziwezi. Liandike jina lake pembeni, tutamrudia.

Kuna na tangi la karantini, lile la wageni na wagonjwa. Hilo halina cha kuchagua, lita 30 au 40, filta ya sponji, hita ndogo, kipande cha bomba cha kujifichia, bila mchanga basi. Kwa maoni yangu hilo ndo lilitakiwa liwe tangi la pili la kila mtu na la samaki wapya liwe la tatu, ila kwenye hili huwa sisikilizwi.

Hatua ya 2: pima maji kabla hujampenda samaki yeyote

Unakumbuka shuleni maji magumu na maji laini? Yale magumu hayatoi povu la sabuni kirahisi na yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ni hayohayo. Samaki wa mito ya misituni wamezoea maji laini yenye asidi kidogo, samaki wa maziwa yenye miamba wamezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) ya juu, na maji yako ya bomba au ya kisima tayari yana upande wake hata kama hujawahi kuuangalia.

Chota maji kwenye ndoo, yaache siku nzima yatoe gesi zake, ndo upime. Ukipima yakitoka bombani moja kwa moja pH inaweza kukudanganya. Pima vitu vitatu: pH, ugumu wa jumla (GH) na ugumu wa kabonati (KH). Hii KH watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote, maana ndo inayoishikilia pH isipepesuke. Vipimo vya matone ni bora kuliko vile vya vikaratasi, vikaratasi vinakupa picha ya juujuu tu.

Sasa soma majibu. Ukipata pH 7.5 kwenda juu na maji ni magumu, furahi, umefunguliwa mlango wa mbuna (samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa) na samaki wa Ziwa Tanganyika, pamoja na gapi, moli, plati na goldfishi. Ukipata chini ya 7 na maji laini, hapo ni neoni, kadinali, rasbora, ramu, na kama una moyo mgumu na muda mwingi, diskasi. Ukiwa katikati una uhuru zaidi kwasababu samaki wengi wa madukani wamezalishwa na wafugaji na wameshazoea maji ya kati: enjelifishi, gurami, koridora, danio, cheri babu, hao wote wataelewana na wewe.

Kosa ambalo nimelifanya mwenyewe ni kupigana na maji. Nilinunua dawa ya kushusha pH, ikashuka, kesho yake imerudi palepale, nikatia tena, ikashuka tena ikarudi tena, kumbe KH yangu ilikuwa juu na ilikuwa inairudisha kila mara, na kule kupanda na kushuka ndo kulikowaumiza samaki kuliko pH yenyewe. Samaki anavumilia pH isiyo yake kama imetulia. Haivumilii inayoyumba.

Kama lazima uyasogeze, yasogeze kwa vitu vya polepole. Kupandisha: vipande vya matumbawe au mawe ya chokaa ndani ya filta. Kushusha: gogo lililoloweshwa, au majani makavu ya mkungu (mti, sio mkungu wa ndizi) ambayo yanayafanya maji yawe na rangi ya chai, au kuchanganya na maji safi ya mvua. Na kabla hujaweka jiwe lolote ulilookota, lidondoshee siki, likitoa mapovu lina chokaa, kwa mbuna ni sawa, kwa neoni lirudishe ulikolitoa.

Hatua ya 3: lipime tangi kwa futi kamba, usiamini kibandiko

Urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, gawa kwa 1000, unapata lita. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112. Ila hapo hujaondoa mchanga, mawe, na ile nafasi ya juu isiyojazwa, kwahiyo maji halisi ni kama lita 95. Hizo 95 ndo utumie kwenye hesabu za samaki na za dawa.

Umbo linahesabika kuliko watu wanavyodhani. Samaki wengi wanaogelea kwenda mbele, sio kwenda juu, na hewa inaingia kwenye maji kupitia uso wa maji, kwahiyo tangi refu la kwenda pembeni linabeba samaki wengi zaidi kuliko lile la mnara hata kama lita ni zilezile. Tofauti ni enjelifishi, yeye ndo anataka kimo.

Uzito: lita moja ni kilo moja, hapo bado kioo, mchanga na mawe. Tangi la lita 200 likishajaa linapita kilo 200 kwa urahisi, usiliweke kwenye meza ya tv.

Hatua ya 4: chagua samaki mkuu mmoja

Hapa ndo penyewe. Mmoja. Huyu ndo atakayeamua joto, mapambo, chakula na majirani, wengine wote wanamfuata. Ukianza na wakuu wawili utaishia kuwapa wote nusu ya wanachotaka. Nitazipitia njia ninazozijua, nyingine kwa kirefu nyingine kwa kifupi maana sio zote nina mapenzi nazo sawa.

Mbuna. Hawa ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ndugu wa ukoo mmoja na sato na perege, na kwa rangi unaweza kudhani wametoka baharini: njano kali, bluu ya umeme, mistari myeusi. Kwa mtu mwenye maji magumu sijui kwanini aanze na kitu kingine. Ila ni wakorofi, na ukorofi wao unaendeshwa tofauti na ulivyozoea. Kwa samaki wengine unapunguza idadi ili kupata amani, kwa mbuna unaongeza kidogo ili dume mkubwa asipate mtu mmoja wa kumwonea siku nzima, hasira inagawanyika. Kwahiyo kwenye tangi lenye urefu wa mita moja au zaidi na lita 200 hivi, weka kama kumi na tano mpaka kumi na nane wa aina mbili au tatu, kila dume kwa majike matatu au zaidi, na rundo la mawe lenye mapango mengi linalokaribia nusu ya kimo cha tangi. Mawe yakae kwenye kioo cha chini kabla ya mchanga, sio juu ya mchanga, kwasababu wanachimba na jiwe litaanguka.

Anza na wapole kidogo, yule wa njano anayeitwa Labidochromis caeruleus ni wa kwanza kwa kila mtu, anafika kama sentimita 10. Mkwepe Melanochromis auratus hata kama watoto wake wanavutia, ni wa njano wenye mistari, dume akikomaa anageuka mweusi na roho yake inageuka naye. Usichanganye aina mbili za rangi moja, wataona ni wapinzani, na tena watapandana upate machotara usiojua ni nini. Chakula chao ni cha majani, spirulina na mboga, huko ziwani wengi wao wanakwangua mwani kwenye miamba siku nzima. Ukiwazidishia minyoo na vyakula vya nyama matumbo yanavimba na wakishavimba kuwaokoa ni kazi. Filta iwe na nguvu, na jambo moja ambalo wengi hawalijui: amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, ni kali zaidi pH ikiwa juu, kwahiyo kosa la filta ambalo neoni wangelivumilia siku mbili, kwa mbuna linaweza kuua jioni ileile.

Raha yake? Jike anabeba mayai mdomoni kama wiki tatu, hali, kidevu kimejaa, na siku anawatema unaona vichwa vidogo vinachungulia kwenye mawe.

Wa konokono. Kama nafasi yako ni ndogo, lita 60 hivi, na maji magumu, huyu ndo kipenzi changu. Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, dume mkubwa hapiti sentimita 5, anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi, tawanya magamba kumi na mbili kwenda juu, weka samaki watano au sita, halafu kaa pembeni uangalie. Watayafukia magamba, watayageuza, watachimba mashimo, watagombania mpaka wa punje moja ya mchanga, na baada ya miezi utaona vizazi viwili vitatu vinaishi kijiji kimoja bila kulana. Hakuna haja ya kuweka samaki mwingine yeyote humo. Nimeona watu wanakodolea tangi la aina hii muda mrefu kuliko matangi makubwa ya rangi zote.

Enjelifishi. Mzuri, mtulivu kwa kumwangalia, sio mtulivu kwa tabia. Mwili wake unafika sentimita 15 na akipimwa na mapezi kwa kwenda juu anapita 20, kwahiyo tangi liwe na kimo cha 45 au zaidi. Akiwa mdogo anaishi na neoni vizuri kabisa, miezi sita baadaye unahesabu neoni hawatimii. Hakubadilika, alikuwa anasubiri mdomo ukue. Njia nzuri ni kununua wadogo watano au sita, uwaache wajichagulie wenyewe mpaka wawili wakaungana, halafu wengine uwatafutie kwao maana hao wawili watawafukuza tu.

Kundi la maji laini. Hili ni kwa anayetaka utulivu, majani mengi, na kundi linalogeuka pamoja. Rasbora wa pembetatu nyeusi kumi na mbili, koridora sita chini, na gurami mdogo dume mmoja juu kama mwenye nyumba. Huo mpangilio unaenea kwenye lile tangi letu la lita 95 bila shida. Ukitaka ramu badala ya gurami, angalia joto: ramu anataka nyuzi 27 mpaka 30, neoni hapo anachoka, hivyo mbadilishie kadinali, na koridora chukua aina ya sterbai ambao wanavumilia joto.

Beta dume: mmoja, peke yake au na koridora wadogo wadogo. Hewa anaivuta juu ya maji lakini hiyo sio ruhusa ya kumweka kwenye glasi, anahitaji hita na filta ya mkondo mdogo.

Goldfishi ni tangi lake peke yake, maji yasiyo ya moto, nyuzi 18 mpaka 22, na lita nyingi kwasababu anachafua sana, na yule mwenye mwili mrefu kama samaki wa kawaida anapita sentimita 20 na anaishi miaka zaidi ya kumi. Kama goldfishi wako bado wako na samaki wa joto kwenye tangi la kwanza, basi samahani, samaki wa tangi la pili umeshawapata, ni hao.

Kuna na Nothobranchius, hawa wa madimbwi ya msimu. Mmoja wao, guentheri, asili yake ni Zanzibar. Mayai yanakaa kwenye tope dimbwi likikauka, mvua ikirudi yanaanguliwa, wanakua kwa haraka ya ajabu na maisha yao yote ni kama mwaka mmoja au chini. Kwa rangi hakuna samaki mdogo wa kumzidi. Lakini anataka chakula hai na kifuniko kisicho na upenyo, anaruka.

Hatua ya 5: wale wa kuwakataa hata wakipewa bure

Madukani kuna samaki wanaouzwa wakiwa urefu wa kidole ambao sio samaki wa nyumbani kabisa. Pleko wa kawaida anapita sentimita 40, ukitaka wa kukwangua mwani chukua Ancistrus ambaye anaishia 12 mpaka 15. Kambare mkia mwekundu anapita mita moja, ndiyo mita. Pangasi wanaouzwa kama "papa wa maji baridi" nao wanafika huko. Bala anapita 30, loachi klauni anafika 25 hadi 30 na anaishi zaidi ya miaka ishirini na hataki kuwa peke yake. Oska anapita 30 na anataka lita 300 kwenda juu, ni samaki mwenye akili na anakutambua kabisa, ila awe ndo mkuu wa tangi na sio abiria.

Halafu samaki waliopakwa rangi. Samaki-kioo, wale wenye mwili unaoona mpaka ndani, wenye vistari vya pinki na kijani ambavyo vinafifia baada ya miezi, ile ni rangi iliyochomwa kwa sindano. Achana nao kabisa.

Hatua ya 6: majirani

Ukishakuwa na mkuu, kila jirani unayemfikiria mpitishe kwenye maswali manne tu. Joto lake linakutana na la mkuu? Anaingia kwenye mdomo wa mkuu, au mkuu anaingia kwake, wote wakiwa wakubwa? Anaishi juu, katikati au chini? Anataka wenzake wangapi? Hili la mwisho ndo linaharibu matangi mengi. Koridora wawili sio koridora, ni samaki wawili waliojificha, weka sita. Taiga babu wakiwa watatu wanang'ata mapezi ya kila mtu, wakiwa nane au kumi wanang'atana wenyewe kwa wenyewe na wengine wanapumua. Ila hata hivyo usiwaweke na gapi, enjelifishi au beta, mikia mirefu ni kishawishi.

Afadhali aina tatu zenye makundi kamili kuliko aina tisa za wawili wawili.

Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja itakusaidia kwa vidagaa kama neoni na rasbora, na utumie urefu wa ukubwani. Ikifika kwa samaki wanene haifai. Samaki mmoja wa sentimita 15 sio sawa na samaki watano wa sentimita 3, pima mwili, ulaji na uchafu. Kipimo cha kweli ni nitrati, yale mabaki ya mwisho ya uchafu yanayojikusanya kwenye maji: ukibadilisha maji robo kila wiki na bado nitrati inapita miligramu 40 kwa lita wiki ikiisha, umejaza sana au unalisha sana, moja kati ya hayo.

Hatua ya 7: kuza filta kabla ya samaki

Hapa ndo faida ya kuwa na tangi la kwanza. Filta mpya, au angalau sponji yake, iweke ifanye kazi ndani ya tangi la zamani wiki tatu au nne huku hujanunua samaki yeyote. Bakteria watahamia humo. Siku ukifungua tangi jipya unahamisha sponji ikiwa imelowa, usiioshe, usiiache ikauke, na hakikisha kuna samaki wachache siku hiyohiyo au amonia kidogo ya kuwalisha hao bakteria la sivyo watapungua. Ukianza bila hiyo ni wiki nne mpaka sita za kusubiri amonia igeuke nitriti na nitriti igeuke nitrati. Amonia sifuri, nitriti sifuri, siku kadhaa mfululizo, ndo ununue kundi kamili.

Kuhamisha maji ya zamani peke yake hakusaidii kitu, bakteria wanaishi kwenye sponji na mawe, sio kwenye maji. Maji mapya ya bomba yawekee dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza usiku kucha kunaondoa klorini ya kawaida ila kloramini haiondoki hivyo.

Sharti moja: kama tangi la kwanza lina ugonjwa, usihamishe kitu.

Hatua ya 8: siku ya kununua

Nenda bila mfuko wa pesa kwanza kama unaweza, ukaangalie tu. Uangalie tangi lote na sio samaki mmoja, kwasababu ukiona mmoja ana vidoa vyeupe au amebana mapezi au amekufa chini, wengine wote wameshakunywa maji yaleyale. Tumbo lisiwe limeingia ndani, macho yasiwe na ukungu, apumue bila haraka, akae na wenzake kama ni wa kundi. Koridora angalia ndevu zake, zikiwa zimelika alikaa kwenye changarawe chafu. Omba muuzaji awalishe mbele yako, samaki anayekataa chakula dukani hatakula kwako wiki ya kwanza. Uliza wamefika lini, waliofika jana waache wakae wiki. Na uliza pH ya maji yao, asipojua pima mwenyewe kwenye mfuko ukifika.

Hatua ya 9: karantini, na jinsi nilivyojifunza

Nilikuwa na nyavu moja. Nilinunua samaki wapya sita wa tangi la pili, nikawaweka moja kwa moja, siku ya nne wana vidoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi. Sawa, nikaanza dawa. Ila jioni ile nikatumia nyavu ileile kuokota jani kwenye tangi la kwanza. Wiki iliyofuata natibu matangi mawili, na neoni niliokaa nao miaka miwili nikapoteza zaidi ya nusu. Kile kidudu cha vidoa vyeupe dawa inakiua kikiwa kinaelea kwenye maji tu, kikiwa chini ya ngozi hakiguswi, ndo maana matibabu yanarudiwa siku kadhaa na ndo maana vidoa vikipotea bado hujapona.

Kwahiyo nyavu mbili, ndoo mbili, mpira wa kunyonyea maji wa kila tangi. Wageni wakae karantini wiki mbili kwa uchache, nne ni bora. Kama tangi la pili bado halina mtu, hilo lenyewe ndo karantini ya kundi la kwanza, kundi la pili ndo linahitaji pengine.

Hatua ya 10: nani aingie kwanza

Mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, joto lilingane, kisha uwaongezee maji ya tangi kidogokidogo kwa nusu saa, halafu chota samaki kwa nyavu. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie. Zima taa mpaka kesho yake.

Kwa kundi la amani waanze wapole na wa chini, koridora na rasbora, subiri wiki mbili, pima, halafu gurami au ramu awe wa mwisho asije akajiona mwenye tangi. Kwa mbuna ni kinyume, waingie wote pamoja wakiwa wadogo wa saizi moja, au angalau kwa mafungu mawili, maana ukimwongeza mmoja peke yake baadaye atauawa. Na ukilazimika kumwongeza, vuruga mawe yote kwanza ili kila mtu apoteze mtaa wake waanze upya.

Wiki mbili za mwanzo lisha kidogo, wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku inatosha. Pima amonia na nitriti kila siku ya pili.

Na asiyefaa mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimtupe mtoni wala bwawani hata kama unamwonea huruma, pleko waliotupwa hivyo wameshajaa kwenye mito ya Florida na Meksiko na hakuna anayejua kuwatoa.

Yule msafishaji wangu wa kahawia kumbe alikuwa Gyrinocheilus, ambaye akiwa mdogo anakula mwani na akiwa mkubwa ananyonya ute kwenye ubavu wa samaki wenzake. Nilimrudisha palepale nilipomnunua akiwa amepita urefu wa kiganja changu, muuzaji akamwangalia kwenye ndoo, akaniuliza huyu samaki mkubwa hivi nimemtoa wapi.